Nyekundu ni ya Kusimama

Katika nyumba ya Mzee Houssein, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, kila kitu kilikuwa na uzi shingoni. Kopo la chumvi lilifungwa uzi mweupe, chupa ya siki uzi wa kijani, ufunguo wa stoo uzi wa bluu. Mzee alikuwa fundi cherehani na mabaki ya nyuzi hayakuwahi kumwishia. Kalamu inafutika, alikuwa akisema, lakini uzi hata kipofu anaushika. Riziki, kitinda mimba wake, aliwahi kumuuliza huyo kipofu ataijuaje rangi. Mzee alicheka, na hakuna kilichobadilika.

Hata gari lilikuwa na nyuzi zake. Lilikuwa Toyota Karina ya zamani, iliyopita kwa mabwana wengi kabla ya kumfikia yeye. Kioo cha ndani cha kutazamia nyuma kilishikwa kwa waya, tundu la tangi la esansi, ile petroli, lilizibwa kwa kipande cha sabuni, na viti vilivikwa kaki iliyobaki kwenye sare za shule. Mafuta yake ya breki na ya moteri, yaani injini, hayakununuliwa kwa dumu. Yalinunuliwa kidogo kidogo, kwa kipimo, na mnunuzi huenda dukani na chupa yake mwenyewe. Kwa hiyo nyuma ya gari zilikaa chupa mbili zilizowahi kuwa za maji ya kunywa: moja ya mafuta ya breki, nyingine ya mafuta ya moteri. Mzee alizifunga uzi zikiwa tupu, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, akampa Bisimwa akazijaze.

Bisimwa alikuwa fundi wa magari kutoka Uvira. Tangu avuke mpaka alikuwa akifanya kazi kwenye pembe ya ua wa Mzee Houssein, chini ya bati moja, na nafasi hiyo hakuilipia kwa pesa. Aliilipia kwa kuiweka Karina barabarani. Mchana kutwa cherehani na nyundo zilisikika pamoja, na wenyewe wakitaniana juu ya kelele hizo.

"We Mkongomani, unanipigia gari au unanipigia ngoma?"

"Papa, gari yako bila ngoma haiamuke."

Ijumaa ile, Mzee alipokuwa msikitini, Riziki aliliosha gari. Kesho yake walikuwa wanapeleka sare Muyinga, kwenye duka la shangazi yake Zuena, na alitaka baba yake alikute linang'aa. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na bado hajapata shule. Nyumbani alishona vifungo na kupiga pindo. Hakuwa msemaji. Wateja walizoea kuinama kidogo ili wamsikie. Mambo mazuri aliyotaka kuwaambia watu aliyafanya kwa mikono, kimyakimya, kisha akaondoka kabla ya kushukuriwa.

Chupa zilikuwa zimeshika vumbi na grisi. Nyuzi zake zilikuwa zimechafuka hata zote mbili zikawa rangi moja ya matope. Alizikata, akaziosha chupa kwa Omo, akazifuta, akaleta nyuzi mpya kutoka kwenye mashine ya baba yake. Chupa ipi ilikuwa ya nini alijua: mafuta ya moteri ni mazito, yanatembea polepole ukiinamisha. Rangi ndiyo iliyomsumbua. Nyekundu ilikuwa ya wapi?

Angeweza kungoja aulize. Lakini kuuliza kungeharibu zawadi. Akajiambia kwamba nyekundu ni rangi ya moto, na moteri ni kitu cha moto, hata jina lake linasema hivyo. Moto, moteri. Akafunga uzi mwekundu kwenye mafuta ya moteri, mweusi kwenye ya breki, akaridhika.

Jumamosi asubuhi alitoka jikoni na chupa ya chai ya safari. Baba yake alikuwa amefunua boneti. Alikuwa hana miwani. Miwani ilikuwa ya sindano tu. Mkononi alishika chupa yenye uzi mwekundu na alikuwa akimimina kwenye kikopo cheupe cha breki.

"Unaona, mama," alisema bila kugeuka, kwa furaha ya mtu ambaye mambo yake yamepangwa. "Nyekundu ni ya kusimama. Ndiyo maana mimi sikosei."

Riziki alisimama na chupa ya chai mkononi. "Baba," aliita.

"Nini?"

Mfuniko wa kikopo ulikuwa umeshafungwa. Baba yake alimtazama, mzee aliyevaa kanzu safi kwa safari, akitabasamu. Riziki alifikiri: labda nimekumbuka vibaya. Tena ni kidogo tu. Tena mafuta ni mafuta.

"Chai itapoa," alisema.

*

Mpaka Karuzi gari lilikwenda vizuri, na Riziki alianza kupumua. Marobota ya sare yalijaa kiti cha nyuma na mengine aliyapakata. Baba yake alikuwa akimsimulia habari za mteja aliyeleta kitambaa cha suruali moja akataka suruali mbili. Riziki alicheka mahali pa kuchekea.

Baada ya Karuzi gari likaanza kuwa zito. Kwenye miinuko lilivuta kama linakokota kitu. Mzee alibadilisha gia, akatukana kwa upole wauzaji wa esansi ya madumu, ile inayotoka mpakani wakati vituo havina kitu. "Wanatia maji hawa. Mungu anawaona."

Kisha ikaja harufu, kama ya chuma kilichosahauliwa jikoni. Walikuwa wanateremka. Mzee alikanyaga breki, akakunja uso, akakanyaga tena.

"Imekuwa ngumu," alisema. "Kama mguu wa mtu mwingine uko chini."

Riziki alikuwa amekaza mguu wake mwenyewe kwenye sakafu ya gari. Chini ya barabara aliona migomba na paa za bati, mbali sana. Sasa ndiyo ilikuwa saa ya kusema. Alitafuta neno la kwanza na hakulipata. Akisema sasa, baba yake atashtuka huku ameshika usukani. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Tukifika nitasema. Walipofika Muyinga magurudumu yalikuwa yanatoa joto kama masufuria. Shangazi Zuena alikuwa mlangoni, akawapokea kwa vifijo, na Riziki hakusema.

"Kaka, hiki kitu bado mnakiita gari?" Zuena aliuliza. Alikulia Kigoma, na Kiswahili chake kilinyooka hata alipotania. "Mimi nilidhani mmekuja na jiko la mkaa."

"Limekuletea mzigo wako. Liheshimu."

Asubuhi iliyofuata gari lilikataa kuondoka. Moteri iliwaka, gia iliingia, lakini magurudumu yalikuwa yameshikwa. Zuena alimwita Anatoli, fundi aliyefanya kazi nyuma ya maduka. Anatoli alifunua kikopo cha breki, akachovya kidole, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa. Akaomba kikombe cha maji. Alidondosha tone moja ndani, na wote wanne wakainama kutazama. Tone lilikaa juu ya maji, likawa duara dogo linalong'aa.

"Mafuta ya feri, ya breki, inachanganyika na maji," alisema Anatoli. "Hii inaelea. Hii ni ya moteri, mzee. Nani amekufanyia hivi? Mipira yote ya ndani imevimba. Ndiyo maana imeshika."

Mzee alileta chupa yenye uzi mwekundu. Tone lake nalo likaelea.

"Na mmeteremka milima yote hiyo," Zuena alisema polepole, "na breki ya namna hii."

Mzee Houssein aliugeuza ule uzi kwa kidole, na Riziki aliona jinsi alivyokuwa anafikiri, hatua kwa hatua. Uzi aliufunga yeye, chupa ikiwa tupu. Aliyejaza ni mmoja.

Alipiga simu palepale, mbele ya duka, sauti ikiwa wazi ili Anatoli naye asikie.

"Bisimwa. Kwenye chupa nyekundu ulijaza nini?"

"Ya feri, papa. Nyekundu ya feri, nyeusi ya moteri. Iko nini?"

"Ni ya moteri. Gari limefunga."

Ndani ya simu Riziki alisikia nyundo ya mtu jirani, na jogoo wa jirani yao, yule anayeshinda uani kwao. Alitaka Bisimwa akatae. Alitaka apige kelele, aseme si yeye, aape, ili yeye Riziki alazimike.

"Papa," Bisimwa alisema mwishowe. "Ile siku mama yangu alikuwa anapiga simu sana. Walikuwa njiani, wanakimbia vita. Mi nilikuwa nashika simu na huku namimina. Kichwa yangu haikuwa hapa. Inaweza kuwa nilichanganya. Nisamehe."

"Mtoto wangu alikuwa ndani ya gari hilo."

"Najua, papa."

"Kabla sijarudi, toa vyombo vyako uani kwangu."

"Nitatoa." Kisha, kwa sauti ile ile ya chini: "Lakini mungojee hapo. Mipira nakuja nayo mi mwenyewe. Huyo fundi wa huko asifungue kitu, atakuuzia mpaka milango."

Anatoli alicheka, kwa sababu sauti ilikuwa wazi. Hakuna mwingine aliyecheka. Riziki aliingia dukani akaanza kukunja sare ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Zuena alimfuata, akasimama akimtazama.

"Shati hilo limekukosea nini, mwanangu?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi liache."

Mchana huo hakula. Alisema kichwa kinamuuma, na kweli kilimuuma. Baba yake alimletea chungwa, akalimenya mwenyewe, akamwambia asiogope tena, Mungu amewavusha. Ulaini wa sauti hiyo ulikuwa mbaya kuliko kipigo. Alilishika chungwa mkononi mpaka likapata joto.

*

Bisimwa alifika kesho yake kabla jua halijawa kali, na mfuko wa plastiki wenye mipira mipya, chupa ya mafuta ya breki ya kiwandani na spana chache zilizofungwa kwenye kitambaa. Alimwamkia Mzee Houssein, akaitikiwa kwa neno moja. Mzee aliingia dukani kwa dada yake akakaa.

Ili kuinua gari, Bisimwa aliazima jeki ya Anatoli.

"Yako iko wapi?" Anatoli alimuuliza. "Fundi bila jeki ni mchezaji bila viatu."

"Imepata bwana mwingine."

"Uliioza?"

"Niliioza. Mahari ndiyo hii mipira."

Wanaume wale wawili walicheka, na Riziki, aliyekuwa analeta ndoo ya maji, aliiweka chini. Aliijua jeki ile. Ilikuwa kubwa, ya mafuta, rangi ya machungwa; Bisimwa aliifunika kwa gunia jioni kama mtu anavyomfunika mtoto. Alivuka nayo kutoka Uvira alipoacha karibu kila kitu.

Alifanya kazi sehemu kubwa ya asubuhi. Alivua magurudumu, akatoa mipira ya zamani. Ilikuwa imetanuka na kulegea kama ufizi. Aliosha kila kitu kwa spiriti, akavisha mipya. Ilipobaki kutoa hewa kwenye mabomba, kazi ilihitaji watu wawili: mmoja chini ya gari afungue na kufunga skrubu, mmoja kitini akanyage breki.

"Dada Riziki," Bisimwa aliita kutoka chini. "Njoo unisaidie na mguu."

Alikaa kwenye kiti cha baba yake. Mbele yake kulikuwa na kioo chenye vumbi, na nyuma ya kioo ukuta wa duka. Hakumwona mtu na hakuna aliyemwona.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie mpaka niseme. Ukiachia mbele sijafunga, hewa inarudi na tunaanza upya." Spana ililia, kitu kikatiririka ndani ya kopo, spana ikalia tena. "Achia. Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Akiwa amekanyaga hivyo, mguu ukimuuma, macho kwenye ukuta, aliona kwamba hapa anaweza. Hakuna uso wa kutazama.

"Kaka Bisimwa, hukuchanganya," alisema. "Nyuzi nilizibadilisha mimi. Ijumaa. Nilikuwa naosha."

Spana haikulia.

"Nilimwona baba akimimina," aliendelea, kwa sababu sasa maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. "Nilijua. Nikasema chai itapoa. Na jana kwenye simu nilikuwa pale."

Aliukaza mguu juu ya breki, hakuachia.

"Tangu jana nimejiuliza nimepata ugonjwa gani," Bisimwa alisema. Hakuwa na hasira katika sauti. Alikuwa na uchovu tu. "Nilikuwa naona ile mikono yangu ikimimina vibaya. Kabisa naiona. Kitu ambayo haikukuwa, na mi naiona." Spana ikalia, kwa nguvu kuliko mwanzo. "Achia. Papa anajua?"

"Bado."

"Basi usimwambie."

Riziki alidhani hakusikia vizuri. "Kwa nini?"

"Sasa amenikasirikia. Hasira inaisha, baada ya mwezi ataniita nimfanyie gari, nitarudi. Lakini akijua alinifukuza bure, ataona haya. Mzee akiona haya hanitaki tena karibu. Kila asubuhi ataniona na atakumbuka. Mi nawajua wazee. Kanyaga."

Alikanyaga. Na kitu kibaya kikamjia kifuani: nafuu. Ilimjia tamu na ya haraka, kama maji kwa aliyefunga. Amekatazwa kusema. Aliyekosewa mwenyewe amemkataza. Alikaa na nafuu hiyo kwa muda wa pumzi chache, na ndani yake akamwona Bisimwa akifunika kwa gunia mahali palipokuwa na jeki.

"Shikilia," Bisimwa alisema.

Wakati huo baba yake akatoka dukani na kikombe cha chai. Kimoja. Alikuja mpaka dirishani akamnyooshea binti yake, bila kutazama miguu iliyojitokeza chini ya gari.

"Kunywa, mama. Tangu jana hujala."

Riziki hakukipokea. Mguu ulikuwa kwenye breki na mikono kwenye usukani, kama mtu anayeendesha.

"Baba, uzi mwekundu niliufunga mimi. Niliosha chupa ukiwa msikitini. Nilidhani nyekundu ni ya moteri. Bisimwa alijaza sawasawa."

"Dada," ilisema sauti ya chini, kwa masikitiko.

Mzee Houssein alibaki amenyoosha kikombe. Riziki aliuona uso wake ukifanya tena ile hesabu ya jana, hatua kwa hatua, ukirudi nyuma mpaka asubuhi ya safari.

"Uliniita," alisema. "Nilikuwa nimefunga mfuniko, ukaniita. Nikakuuliza nini."

"Ndiyo, baba."

"Ukasema chai itapoa."

Riziki aliitikia kwa kichwa tu. Alitegemea makelele, na angeyapokea kwa shukrani. Baba yake alisimama pale mpaka mvuke wa chai ukapungua. Kisha akashika kanzu yake kwa mkono mmoja, akachuchumaa kwa shida kando ya gurudumu, akakisukuma kikombe chini ya gari, polepole, mpaka mkono mweusi wa grisi ulipotokea ukakipokea.

"Ina sukari nyingi," alisema. "Zuena hajui kupima."

"Asante, papa."

Mzee alirudi dukani akitembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine.

"Achia," Bisimwa alisema baada ya kitambo.

*

Walirudi Gitega watatu. Breki zilishika na kuachia kama inavyotakiwa. Mzee Houssein aliendesha kimya mpaka Karuzi ikapita, na Riziki, nyuma, alianza kuamini maneno ya Bisimwa: haya ilikuwa imekaa kati ya viti viwili vya mbele na hakuna aliyeweza kuiondoa. Ndipo baba yake alipouliza, macho barabarani, jeki aliuziwa nani.

"Josephat, pale karibu na soko. Anayeuza pyesi za okaziyo, vipuri ya zamani," Bisimwa alisema. "Wacha tu, papa."

"Sikukuuliza wewe niache au nisiache." Akamtafuta Riziki kwenye kioo kilichofungwa kwa waya. "Josephat ana watoto wa shule. Nitawashonea sare, na nyingine mwakani. Wewe ndiye utakayekwenda kuiomba. Utamwambia kwa nini iliuzwa."

"Baba, kuna watu wengi pale."

"Najua."

Bisimwa aliteremkia njia panda. Mzee alimwambia alete vyombo kesho, akajibu ataona. Kesho hakuleta. Pembe ya ua ilikaa tupu, na weusi wa mafuta ardhini, na cherehani ikasikika peke yake, vibaya.

Siku iliyofuata Riziki alijifunga mtandio akaenda. Mbele ya Josephat walikaa wanaume wakingoja vipuri, na vijana wa pikipiki, na mwanamke mmoja muuza parachichi. Jeki ya rangi ya machungwa ilikuwa juu ya meza, imepakwa grisi, inang'aa. Alisalimia. Alisema alichokuja kusema, macho kwenye jeki.

Josephat aliweka mkono nyuma ya sikio. "Nini, dada? Sema kwa sauti. Hapa ni sokoni, si kanisani."

"Wala msikitini," kijana mmoja wa pikipiki aliongeza, na wenzake wakacheka.

Wote walikuwa wamegeuka. Riziki alikaza mguu wa kulia ardhini kama aliyekanyaga kitu kisichotakiwa kuachiliwa, akainua uso.

"Nimesema Bisimwa aliiuza kwa kosa langu," alisema, na safari hii hata muuza parachichi alisikia. "Yeye hakukosea kitu. Mimi ndiye niliyefunga uzi vibaya, nikanyamaza."